Anti, Sina Kisukari, Mbona Nimepewa Dawa ya Kisukari?

Shikamoo anti, pole na kazi ya kutusikiliza sisi wenye shida.

Mi nina miaka 29, naishi Kimara, nauza duka la vitenge Kariakoo na ndoa yangu inaingia mwaka wa nne bila mtoto. Siku zangu tangu niko sekondari hazijawahi kukaa sawa, naweza nikaona mwezi huu afu nikakaa miezi miwili mitatu kimya, zikija zinakuja kwa fujo mpaka naogopa kupanda mwendokasi. Zamani sikujali, niliona raha tu kupumzika. Ila saivi zikichelewa tu nakimbilia duka la dawa kununua kipimo cha mimba, kinasoma mstari mmoja, nalia, kesho naamka naenda kazini.

Hii miaka miwili nimenenepa, nina kilo 84, chunusi za taya haziishi, kidevuni naota vindevu ambavyo nanyoa kwa siri kabla mume wangu hajaamka. Shingoni kwa nyuma na kwapani nimekuwa mweusi tii. Wifi yangu alinivuta pembeni kwenye kicheni pati ya binamu yao, akaniambia wifi jamani jitahidi kujisugua shingo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwaiyo nikaenda hospitali. Nikapigwa ultrasaundi, dokta akasema ovari zote mbili zina vifuko vidogo vidogo vingi, nina PCOS. Nikapimwa na damu, kuna kipimo kinaitwa AMH kimetoka juu, nesi akasema hiyo inaonyesha mayai yako ni mengi. Sasa anti kama mayai ni mengi mimba iko wapi? Sukari nilipima asubuhi sijala kitu ikasoma 5.2, kawaida kabisa. Cha kushangaza dokta akaniandikia metformini! Dawa hiyohiyo anayokunywa mama yangu mzazi mwenye kisukari. Nikamuuliza mbona hii ni ya sukari, akasema ni mambo ya homoni hayo, we kunywa tu, na foleni ilikuwa ndefu nikatoka. Dawa ziko kabatini sijagusa, naogopa sukari itashuka nianguke Kariakoo waniibie na simu.

Afu kuna dada anauza onlaini unga wa peptidi, kopo laki na nusu. Anasema ugonjwa huu unatokana na homoni za peptidi, kwaiyo ukinywa peptidi unaurudishia mwili homoni zake na uvimbe kwenye ovari unayeyuka. Ushuhuda anaweka kila siku kwenye stetasi. Nimeshamaliza kopo moja sijaona kitu, anasema dozi ni makopo matatu. Na mama mkwe naye kaanza kumpigia mume wangu simu usiku, wanaongea kwa kunong'ona.

Nisaidie anti. Hizo homoni za peptidi ni kitu gani, zimeniishia au zimeharibika? Na hii metformini ninywe au niachane nayo?

Niliyechoka kupima mimba, Kimara

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, hasa hilo la kunyoa kwa siri alfajiri, maana najua wanawake wangapi hapa mjini wanafanya hivyohivyo na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Duniani inakadiriwa karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio kwenye umri wa kuzaa ana hali hii ya PCOS, yaani homoni kuvurugika mpaka mayai kwenye ovari hayapevuki vizuri, na wengi hawajawahi hata kuambiwa.

Nianze na huyo dada wa makopo kwa sababu ndo anakula hela yako. Kuna neno moja kasema kweli, homoni za peptidi zinahusika, tena sana. Mengine yote kayapindua. Kwako hazijaisha, baadhi yake ziko nyingi kupita kiasi, na hata zingekuwa zimepungua huwezi kuzirudisha kwa kunywa unga. Peptidi ni mnyororo wa amino asidi, vitu vilevile vinavyojenga protini ya maharage na dagaa. Ukimeza, tumbo na utumbo vinaukata vipande, mwisho wa siku umekula chakula tu, tena chakula cha laki na nusu. Ndo maana wagonjwa wa kisukari wanaohitaji insulini wanajidunga sindano tangu enzi hizo, ingekuwa inanyweka nani angejichoma? Kuna dawa moja ya jamii hii, semaglutaidi, imetengenezwa mpaka ya kidonge, lakini imewekewa kemikali maalum ya kuisaidia kupita tumboni na bado kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 1 au chini ya hapo. Sasa unga wa kukoroga kwenye uji utapitaje?

Usitume hela ya kopo la pili. Haya, tuendelee na yako.

Homoni ya kwanza ya kuijua ni insulini. Ni peptidi yenye amino asidi 51, inatoka kwenye kongosho, kazi yake kubwa ni kuiambia misuli, mafuta na ini waipokee sukari iliyoko kwenye damu. Kwa wanawake wengi wenye PCOS, wanene kwa wembamba, misuli inakuwa haisikii vizuri hiyo amri. Sasa fikiria mtu anapiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hasikii vizuri, anaongeza sauti, anaongeza tena, mpaka mwenye nyumba anasikia na mlango unafunguliwa. Ukiangalia mlango utasema hakuna tatizo. Ila jirani mwenye masikio mazima amepigiwa kelele usiku kucha. Mwenye nyumba ni misuli yako, jirani ni ovari yako. Kongosho linamwaga insulini nyingi mpaka sukari inashuka kawaida, unapima unakuta 5.2, unafurahi, kumbe insulini yenyewe iko juu na ovari inaisikia yote.

Ovari ikipata insulini nyingi hivyo inafanya nini? Inatengeneza homoni za kiume kwa wingi. (Kila mwanamke anazo, usishtuke, shida ni kiasi.) Na insulini hiyohiyo inaliambia ini lipunguze kutengeneza protini fulani inayoitwa SHBG, ambayo kazi yake ni kuikamata testosteroni isizurure hovyo kwenye damu. Kwaiyo testosteroni inatengenezwa nyingi, na ya kuikamata imepungua. Hapo ndo vinapotoka vindevu na chunusi za taya. Na huo weusi wa shingoni ni insulini pia, inazichochea seli za ngozi zizaliane haraka, ngozi inakuwa nene na nyeusi kwenye mikunjo, shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Uchafu hakuna hapo. Hata ujisugue na dodoki mpaka damu itoke hautatoka, na tafadhali usije ukapaka mkorogo. Mwambie wifi yako hivyo, au usimwambie, mi ningemwambia.

Na haya mambo ya ndevu na sukari watu walishayaona zamani. Mwaka 1921 madaktari wawili wa Ufaransa, Achard na Thiers, waliandika kuhusu kisukari cha wanawake wenye ndevu, na mwaka huohuo kule Toronto ndo insulini ilikuwa inagunduliwa. Mwaka 1935 Stein na Leventhal wa Chicago wakaeleza wanawake 7 wasioona siku zao vizuri wenye ovari zilizojaa vifuko, na kwa miaka mingi baada ya hapo watu wakakodolea macho vifuko tu. Mpaka mwaka 1980 ndo watafiti Marekani wakaonyesha kwa vipimo kwamba wanawake hawa insulini yao iko juu. Kwaiyo dokta wako hakukosea dawa. Kosa lake ni kutokukueleza, na foleni siwezi kuitetea.

Sasa twende kichwani, maana insulini haifanyi kazi peke yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu inatoa kipeptidi kidogo sana cha amino asidi 10 tu kinaitwa GnRH. Hakitoki mfululizo, kinatoka kwa mapigo, kinatoka kinanyamaza, kinatoka kinanyamaza, na kasi ya mapigo ndo ujumbe wenyewe. Mapigo ya haraka yanafanya tezi ya chini ya ubongo itoe zaidi homoni ya LH, mapigo ya taratibu yanaipendelea FSH. Hizo mbili nazo ni za ukoo huohuo wa peptidi ila kubwa na zimebeba sukari mgongoni. Kwenye PCOS mapigo mara nyingi yanakuwa ya haraka, LH inapanda, FSH inabaki haitoshi. LH inaisukuma ovari itengeneze homoni za kiume, insulini inakuja inaongezea palepale, yaani wanashirikiana. FSH ambayo ndo ingekuza yai moja lipevuke na kuigeuza hiyo homoni ya kiume iwe estrojeni, yaani homoni ya kike, haina nguvu ya kutosha. Mayai yanaanza kukua, yanafika njiani yanasimama.

Na hivyo vilivyosimama ndo vifuko ulivyoonyeshwa kwenye ultrasaundi. Kila kimoja kina milimita 2 mpaka 9, ndani yake kuna yai changa. Hakuna uvimbe wa kuyeyusha mdogo wangu! Anayekuuzia dawa ya kuviyeyusha anakuuzia dawa ya kuyayeyusha mayai yako mwenyewe, kama ingekuwa inafanya kazi, na bahati nzuri haifanyi.

AMH sasa. Hiyo nayo ni ya ukoo huu wa peptidi na protini, na inatengenezwa na seli zinazolizunguka yai ndani ya hivyo vifuko vidogo. Vifuko vikiwa vingi AMH inakuwa juu, kwaiyo nesi hajakudanganya, mayai yapo. Ila hakumalizia. AMH ikiwa nyingi inavifanya vifuko visiisikie FSH vizuri, wakati FSH yenyewe ilikuwa haitoshi tangu mwanzo. Kwaiyo kuwa na mayai mengi yaliyosimama ni tofauti na kupata yai moja lililopevuka likatoka, na mimba inataka hilo moja. Siku hizi, tangu mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023, AMH inaweza kutumika kwa mwanamke mtu mzima badala ya ultrasaundi wakati wa kutafuta kama ana PCOS. Haitumiki peke yake lakini. Inabidi mtu awe na mawili kati ya matatu: siku kutokueleweka, dalili au kipimo cha homoni za kiume, na ovari zenye vifuko vingi au AMH ya juu. We kwa maelezo yako unayo yote matatu, ila kabla ya kufunga faili wanatakiwa wawe wamepima homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, maana hizo zikiharibika nazo zinavuruga siku. Angalia kwenye karatasi zako kama zimo, kama hazimo omba.

Metformini basi. Kwa maoni yangu kwa hali yako ina mantiki, na maamuzi ni yako na dokta. Inalipunguzia ini kumwaga sukari na inausaidia mwili uisikie insulini, kwaiyo kongosho linapunguza kelele. Hailazimishi kongosho kutoa insulini zaidi, ndo maana ikitumika yenyewe tu ni nadra mno kumwangusha mtu kwa sukari kushuka. Kinachosumbua ni tumbo. Kichefuchefu, kuharisha, gesi, hasa wiki za kwanza. Ndo maana wengi wanaanzishwa miligramu 500 kwa siku pamoja na chakula na kupandishwa polepole, soma ulivyoandikiwa na usimeze na tumbo tupu afu ukapande daladala. Mwambie dokta kama una shida yoyote ya figo au ini. Ukiitumia muda mrefu waulize kupima vitamini B12, inaweza kushuka.

Usiitegemee peke yake kukupa mimba ingawa. Inaweza kurudisha yai kutoka kwa baadhi ya wanawake, lakini dawa inayopewa nafasi ya kwanza saivi kwa mwenye PCOS anayetafuta mtoto ni letrozoli, ambayo mwanzoni ilikuja kama dawa ya saratani ya matiti. Inapunguza estrojeni kwa muda mfupi, ubongo unashtuka unatoa FSH zaidi, yaani ile ile iliyokuwa haitoshi. Kuna utafiti mkubwa Marekani ulitoka mwaka 2014, wanawake 750, waliopewa letrozoli waliojifungua mtoto hai ni asilimia 27.5, waliopewa klomifeni, ile dawa ya siku zote ya kushtua ovari, ni asilimia 19.1. Inanywewa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko na chini ya uangalizi, sio ya kuulizia dirishani duka la dawa. Rudi kwa daktari wa magonjwa ya wanawake uulize hilo waziwazi, na kama unapotibiwa hawaelewi haya mambo omba rufaa, Muhimbili wapo mabingwa wa wanawake na wa homoni.

Ila kabla hujamezeshwa chochote cha kushtua ovari, mume wako kapima mbegu? Barua nzima hujaandika. Miaka mitatu unapima we tu, unalia we tu, na simu za kunong'ona zinapigwa kwake. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote ulivyopitia, anatoa mbegu kwenye kichupa wanaangalia kwenye hadubini. Akapime, na mama yake akipiga tena hiyo ndo habari ya kumpa.

Kuhusu sukari, ile ya asubuhi haitoshi kwako ukizingatia mama yako ana kisukari na shingo yako inavyosema. Omba kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, unachomwa kabla, unakaa masaa 2, unachomwa tena. Ya pili ikiwa chini ya 7.8 uko salama, 7.8 mpaka 11.0 uko mlangoni, 11.1 na kuendelea ni kisukari. Wapo wengi wanaopita vizuri kipimo cha asubuhi wakakamatwa na hiki. Na ni bora ujue kabla ya mimba kuliko kugundulika nayo ukiwa na ujauzito wa miezi sita. Presha na mafuta kwenye damu wakupime siku hiyohiyo.

Uzito sasa, na sitakusimanga maana najua ushasimangwa. Insulini ikiwa juu inaufanya mwili uhifadhi mafuta, afu mafuta ya tumboni yanafanya mwili uzidi kutoisikia insulini, kwaiyo mtu kuambiwa pungua tu bila maelezo ni kumuonea. Lakini kupungua asilimia 5 mpaka 10 kunaweza kurudisha siku kwa baadhi ya watu, kwako ni kama kilo 4 mpaka 8, huhitaji kuwa mwembamba. Nisingekutesa na diet za majuisi. Soda na juisi ya miwa ningetoa kabisa, chipsi mayai za usiku ukitoka kazini ningeziweka wikiendi, ugali ningekula wa dona na ningepunguza tonge nikajazia matembele na samaki au maharage. Na ningetembea, hata kushuka kituo kimoja kabla. Misuli ikifanya kazi inaipokea sukari hata bila kusubiri insulini nyingi, kwaiyo mazoezi yanasaidia hata mizani isiposogea.

Zile sindano za kupunguza uzito zinazotajwa sana mjini saivi, semaglutaidi na wenzake, nazo zinaiga homoni ya peptidi ya utumbo inaitwa GLP-1, na kuna wanawake wa PCOS zinawasaidia. We unatafuta mimba, kwaiyo kaa mbali nazo isipokuwa daktari akupangie, semaglutaidi inatakiwa iwe imeachwa angalau miezi 2 kabla ya kubeba. Na za kununua kwa mtu zisizojulikana zimetoka wapi wala zilihifadhiwa kwenye baridi au la, usijichome.

Jambo la mwisho na hili usilichukulie poa kama ulivyokuwa sekondari. Kukaa zaidi ya siku 90 bila hedhi mara kwa mara sio kupumzika. Ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa kwa estrojeni bila kumwagwa, na kwa miaka mingi hilo linaongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Ikifika huko nenda, pima mimba kwanza, ikiwa haipo daktari anaweza kukupa projesteroni ya siku chache ukuta ukatoka. Unapima mimba kwanza kwa sababu ukishaanza hizi dawa yai linaweza kutoka kabla hujaona hedhi yoyote, na ukabeba bila kujua. Kwaiyo foliki asidi anza kumeza saivi, na kila unapoona siku zako andika tarehe kwenye simu, zimeisha lini, zilikuwa nyingi kiasi gani, ukirudi hospitali mpe daktari asome kabla hajakuandikia kitu. Na usitoke kwenye kile chumba mpaka umeuliza maswali yako yote, foleni itasubiri.